Baridi Iliyolegeza Nyuzi

Huko Winson Green, mtaa wa pili kutoka ukuta wa gereza, kuna nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto, na juu ya mlango wake wapenzi wa muziki wamebandika kibao cha duara. Kibao kinasema kwamba katika banda la nyuma ya nyumba hii, vijana wanne wa bendi ya Button Row waligundua ule mlio wao mzito uliozunguka dunia, pale baridi kali ya Februari ilipolegeza nyuzi za gitaa. Nikipita hapo husimama, nikasoma, nikacheka peke yangu mpaka wapita njia wananikwepa. Kwanza, muulize fundi yeyote wa magitaa atakwambia: baridi hukaza nyuzi, hailegezi. Pili, mimi nilikuwamo bandani siku hiyo, na sinia la chapati mkononi. Hiyo baridi ni mimi.

Habari za nilikozaliwa na walionizaa nimekwisha kuzisema kwingine, na aliyezikosa hakukosa kitu. Hapa nataka mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza Birmingham, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi, mwembamba, mwenye haya ambazo sikuzaliwa nazo. Kilichonirudisha huko ni simu. Machi iliyopita nilikuwa jikoni kwangu Kingstanding, nakatakata sukuma wiki, simu ikalia. "Wakesho," ikasema sauti iliyokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, "tunamaliza. Julai, hapa nyumbani, uwanjani. Kisha basi." Nikamwuliza, "Colin, hiyo sauti imepatwa na nini?" Akasema, "Ndiyo maana nakupigia wewe." Mjukuu wangu Wakio alikuwa mezani na vitabu vyake vya chuo. Ana miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, ila hujibu kwa Kiingereza siku zote. Alikuwa amesikia. "Gran," akasema taratibu, "was that Colin from Button Row? *The* Colin?" Nikamjibu kwamba huyo ni Colin wa chapati, simjui mwingine. Mtoto akaketi sakafuni. Ikabidi nimsimulie, na nilipokuwa nikimsimulia nikaona kumbe miaka arobaini nimekuwa nikikaa na jambo hili kama mtu aliyekalia kiti kizuri akasahau kuwakaribisha wageni.

Nyumba ile ilikuwa ya Mama Jaswant, Singasinga mjane aliyezaliwa Nakuru, akaja Birmingham na mume wake fundi wa kukereza vyuma. Jaswant, mwanawe, alikuwa amehamia Toronto. Mume alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Akabaki yeye, vyumba vinne na banda la nyuma lenye mashine za marehemu zilizofunikwa shuka. Chumba changu kilikuwa juu, cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati ambalo mlango wake haukufunga mpaka utie gazeti lililokunjwa, na dirisha lililotazama banda, kisha mapaa ya vigae, kisha ukuta wa gereza. Jikoni kwake ndiko nilikoishi hasa. Palikuwa na joto, palinuka bizari na tangawizi, na juu ya jiko palikuwa na rafu ya sufuria zilizopangwa kuanzia kubwa hadi ndogo, kila moja inang'aa hata ungeweza kujichania nywele. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Wewe kula, bwana! Mwili gani hii, kama mti ya fagio." Jamani, nililia. Wiki nzima hospitalini watu walikuwa wakiniambia nirudie nilichosema, niseme kwa sauti, niseme polepole, mpaka nikaona afadhali ninyamaze tu. Nami nilikuwa mtu wa kwaya! Kwetu milimani Taita mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Birmingham ilinifanya nitembee midomo imefumbwa.

Jumamosi ya tatu Mama Jaswant alikuwa ameenda gurudwara, hekalu lao Masingasinga, mimi niko jikoni naosha vyombo, nikasikia kutoka bandani ngoma ikipigwa taratibu, moja, moja, moja. Halafu sauti ya mwanamume ikapanda juu ikilia. Ikakatika. Ikapanda tena ikilia zaidi. Nikaacha kuosha. Nikajiambia, hawa wamefiwa. Sasa kwetu ukisikia kilio kwa jirani hauulizi nani wala lini, unabandika chai. Nikabandika sufuria kubwa kuliko zote, nikapika chapati kumi na mbili mbio mbio, nikajifunga leso kiunoni na nyingine kichwani, nikavuka ua na sinia langu. Sikupiga hodi, maana msiba haupigiwi hodi. Nikaingia nimeinamisha kichwa, nikaweka sinia chini, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasema kwa Kiingereza changu bora kabisa kwamba poleni sana kwa msiba uliowafika. Nikainua macho kidogo nikitafuta picha ya marehemu. Nikaona vijana wanne Wazungu wenye nywele ndefu, waya zimetapakaa sakafuni, na mmoja wao, mwenye nywele nyekundu na shingo kama ya kuku, ameshika maikrofoni mdomo wazi.

"Kwani tumekuwa wabaya kiasi hicho?" akauliza yule mwenye nywele nyekundu. (Tulisema Kiingereza, naam, lakini kichwani mwangu watu wote wa mwaka ule wanasema Kiswahili, na wengine wanakisema vizuri kuliko mimi.) Mpiga ngoma akaanza kucheka, akacheka mpaka akaangusha fimbo zake. Nami haya zikanishika nikataka kuondoka, lakini yule wa nywele nyekundu alikwisha kuifikia chapati ya kwanza, akaitia chai, akafumba macho. Huyo ndiye Colin. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha springi siku tano za wiki, na Jumamosi aliimba. Alimbebea Mama Jaswant makaa kila wiki bila kuombwa, na kwa ajili hiyo mama akawapa banda. Majirani walipolalamikia kelele aliwajibu kwamba nyumba imenyamaza mwaka mzima na imetosha. Mpiga gitaa aliitwa Malcolm. Yeye alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hata la kufanyia mazoezi, na hakucheka. Alisubiri wenzake wamalize kula, akafuta vidole kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Tuanze tena, kutoka juu." Nyimbo zote alitunga yeye, na neno lake ndilo lililokuwa sheria.

Tangu siku ile Jumamosi zangu zikawa na mpango. Wao bandani, mimi na Mama Jaswant jikoni, mlango wa ua umeachwa wazi kidogo hata baridi ilipoanza kuuma. Yeye alisukuma chapati, mimi nilichoma, na muziki ukatufikia kama maongezi ya chumba cha pili, ambayo huyasikilizi lakini unayajua yote. Nikawa naimba sauti ya pili bila kujijua. Kwaya haikutoki, bwana, hata ukiihama bara. Mama Jaswant akinikanyaga mguu: "Imba sawasawa au wacha." Hivyo ndivyo nilivyoanza kutoa sauti Birmingham, nikiwa na unga mikononi, mwalimu wangu mama asiyejua noti moja. Mpaka Desemba nilikuwa najua nyimbo zao zote kuliko wao. Ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kusikia kwamba Colin anaharibika. Kila Jumamosi ule mstari wa juu kabisa, pale wimbo mkubwa unapofikia kilele chake, ulikuwa unakwaruza zaidi. Anaufikia, lakini anaufikia kama mtu anayechuma embe kwa vidole vya miguu. Akimaliza anakuja jikoni kusukutua maji ya chumvi, na kwenye sinki nikaona damu kidogo. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa miezi minne tu, lakini hilo halihitaji cheti. Nikamwambia Jumatatu asubuhi aende kwa daktari, na nikamwambia kwa ile sauti ya dada mkubwa isiyojibiwa. Akaenda. Akarudi na uso mweupe kuliko kawaida ya Wazungu. Daktari alimwambia koo limevimba kwa kulazimishwa, na akiendelea kulilazimisha hivyo, ataipoteza sauti isirudi.

"Basi pumzika," nikamwambia. Tulikuwa tumeketi mezani kwa Mama Jaswant, mbele yetu sahani ya githeri. Colin alikuwa anasukuma maharagwe kwa uma kutoka upande huu hadi huu. "Mwisho wa Februari," akasema kwa kunong'ona, "anakuja mtu wa kampuni ya santuri kutoka London. Anatusikiliza mara moja tu, chumba cha juu cha baa moja Kings Heath. Malcolm amengojea miaka mitatu. Wakesho, mimi nina kitu kimoja tu. Asubuhi nazungusha springi, mchana nazungusha springi. Sina kingine." Nikamwuliza kwa nini wasiushushe wimbo, waanzie noti ya chini zaidi. Akanitazama kana kwamba nimesema wausimamishe kichwa chini miguu juu. Malcolm hashushi, akasema. Malcolm ameutunga pale, na pale ndipo utakapokaa.

Sikupanga kuyasikia yaliyofuata. Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa dirishani natupa maganda ya vitunguu, nao Malcolm na mpiga ngoma wamesimama uani wanavuta sigara. Malcolm akasema, kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia kubadilisha tairi, "Kuna kijana Kingstanding anafika juu bila shida. Colin akiikosa ile noti Kings Heath, basi. Nitamwambia yule wa London kwamba tunaye mwingine." Mpiga ngoma akasema Colin ni rafiki yao tangu shuleni. Malcolm akasema anajua, na akakanyaga sigara. Nikabaki na maganda mkononi. Niseme nini? Nikimwambia Colin, hofu itamkaba koo hata kabla ya wimbo. Nikinyamaza, nimekuwa shahidi wa mtu anayechimbiwa shimo. Usiku sikula vizuri. Mama Jaswant akauliza nini, nikamweleza. Alikuwa anafuta sufuria. Akafuta, akafuta, kisha akasema, "Mdomo yako ya kula tu?" Akaiweka sufuria rafuni.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtadhani nilikuwa na kiburi tu. Katika kwaya yetu ya milimani hapakuwa na kinanda. Mwanzishaji hakuchukua sauti kichwani mwake. Alitazama kwanza kwenye benchi ni nani mzee kuliko wote aliyekuja siku hiyo, akamwendea, akainama mbele yake, akasema, "Nyanya, tupe." Nyanya akavumisha noti, midomo imefumbwa, pale alipoweza yeye, na pale ndipo wimbo ulipoanza. Ikiwa leo kifua kimembana, wimbo unashuka. Sisi wasichana wenye sauti za filimbi tulinung'unika, tukitaka kuonyesha tulivyo hodari, na mwalimu wetu alikuwa akituambia kwamba wimbo unaomwacha mtu mmoja mlangoni bado haujaingia ndani. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minane, na sijafundishwa kazi yangu vizuri zaidi ya hapo. Unaanzia pale mgonjwa alipo.

Jumamosi ya pili ya Februari nikabeba sinia langu nikaingia bandani, na badala ya kuliweka chini na kutoka nikasimama nalo. Baridi ilikuwa kali kweli, hilo kibao hakikudanganya. Pumzi zetu zilionekana. Nikasema, "Malcolm, shusha wimbo." Akasema tafadhali niweke chai pale. Nikasema, "Chai itakuja ukishusha." Colin akaangalia viatu vyake. Malcolm akasema kwa adabu yake ile inayokata, "Hapa si kanisani." Nikamjibu, "Najua. Kanisani watu husikilizana." Mpiga ngoma akajifanya anakohoa. Nikawaeleza habari ya nyanya na benchi, Kiingereza kinateleza hiki na kile, lakini safari hii hakuna aliyeniambia nirudie. Kisha nikamgeukia Colin nikamwambia avumishe, asipande popote, avumishe tu pale ambapo hakuumi. Akavumisha. Ilikuwa chini, chini sana. Nikaichukua, nikauinua wimbo wao kutoka hapo, mstari wa kwanza wote, peke yangu, kwa sauti niliyoiacha Taita.

Malcolm akakasirika. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Mnataka kusikia inavyokuwa?" akasema. "Haya, sikieni upuuzi wenyewe." Akaanza kuzungusha zile funguo za kichwani mwa gitaa, akilegeza uzi mmoja baada ya mwingine mpaka zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Akapiga mara moja, kwa hasira, ili atuonyeshe. Sijui nisemeje. Mlio haukwenda masikioni, ulikwenda tumboni. Ulinguruma, ukakokota, ukaingia sakafuni. Tukatazamana. Malcolm akautazama mkono wake mwenyewe. Akapiga tena, safari hii bila hasira, na mpiga besi akamfuata, na ngoma, na Colin akafungua mdomo akaimba ule mstari wa juu kabisa, ambao sasa haukuwa juu, akauimba wote mzima, mpana, bila kukwaruza hata chembe. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Jaswant alisimama pale na kisukumio cha chapati. "Nini hii? Sufuria yangu yote nacheza kwa rafu!" Wakanyamaza wote mara moja kama watoto wa shule. Mama akaitazama ile mashine ya mumewe chini ya shuka, akaushusha mkono wenye kisukumio. "Hapana simama," akasema pole pole. "Mzee yangu akikereza chuma, hii mashine ilikuwa nalia hivyo hivyo. Piga tena." Akaketi juu ya ndoo yangu. Wakapiga tena, naye akalia waziwazi, machozi yakidondokea unga uliokuwa kwenye aproni yake, na mimi nikalia naye, na chapati zikapoa, na hakuna aliyejali.

Mngedhani imekwisha hapo. Thubutu! Siku ya Kings Heath nilitoka zamu mbio, sare ya hospitali ndani ya koti, nikapita High Street katikati ya wauza matunda waliokuwa wakipigiana kelele za ndizi na viazi, nikapanda ngazi za ile baa. Ilikuwa saa tisa mchana. Chumba kilikuwa na watu kama arobaini, wengi marafiki wa viwandani, na mtu wa London alikuwa karibu na dirisha, amevaa koti la sufu ya ngamia, hajavua glavu. Mama Jaswant alikwisha kufika, ameketi mstari wa mbele na kikapu chake magotini. Vijana wakapanda jukwaani. Malcolm akagusa nyuzi kupima, na moyo wangu ukaanguka. Alikuwa amezikaza. Amezirudisha juu kule kule. Uoga ulikuwa umempata mbele ya mtu wa London, na mtu akiogopa hurudi kwenye anachokijua. Leo hilo nalielewa, siku ile ningemtwanga. Colin alisikia pia. Akageuka akanitafuta kwenye umati, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeona gari likimjia na miguu haiondoki. Mimi nilijua asichokijua yeye, kwamba noti moja tu inatosha kumpeleka kwenye springi maisha yake yote.

Nikafungua mdomo. Sikufikiri, ningefikiri nisingethubutu. Nilisimama katikati ya chumba kile, msichana mweusi mwenye viatu vya hospitali, nikauinua wimbo pale chini, pale pake. Watu wakageuka. Mwanamume mmoja akasema "Oi!" na Mama Jaswant akamgeukia akamwambia neno moja la Kipunjabi, naye akakaa kimya. Nikaushika. Colin akafumba macho, akauchukua kutoka kwangu, tukawa wawili, sauti ya kwanza na ya pili, bila ala yoyote, na tulipofika mwisho wa mstari tukaanza upya kwa sababu Malcolm bado alikuwa amesimama pale kama mlingoti. Tukaurudia mara tatu. Mara ya tatu nilimwona akiinamisha kichwa. Akaanza kuzungusha funguo zake, mmoja, wa pili, wa tatu, mbele ya watu wote, mpaka wa sita, naye mpiga besi akifanya vivyo hivyo, nasi tukiwashikia wimbo usianguke. Halafu akapiga.

Glasi za kaunta zililia zote. Wauza matunda huko chini, niliambiwa baadaye, waliacha kupiga kelele. Colin aliimba kama mtu aliyefunguliwa, na alipofika kwenye ule mstari aliukanyaga kwa mguu mzima, akausimamia, akautabasamia! Yule wa London alivua glavu moja, kisha ya pili. Walipomaliza, mafundi wa viwandani walikuwa wamesimama juu ya viti, Mama Jaswant anapiga makofi kikapu kikiwa kimeanguka, na mimi nilipiga vigelegele vya kwetu mpaka baa nzima ikajifunza. Wakasaini wiki iliyofuata. Lakini kabla ya hapo, pale pale chini ya jukwaa, yule bwana alimwuliza Malcolm nani aliyemfundisha kulegeza nyuzi namna ile. Malcolm alinitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akasema, "Banda letu lina baridi sana. Zililegea zenyewe." Nilikasirika, sitaficha. Nilihisi kama nimepika siku nzima kisha nikaambiwa chakula kimejipika. Colin akafungua mdomo kusahihisha, koo limechoka, sauti inatoka kama upepo, nami nikamwekea kidole midomoni. "Nyamaza," nikamwambia. "Pumzisha koo." Kwa hiyo mjue kwamba aliyekinyamazisha kibao ni mimi mwenyewe.

Mengine dunia nzima inayajua. Santuri ya kwanza, ambayo niliisikia mara ya kwanza wodini, nimeshika beseni, na mzee mmoja mgonjwa akasema tuzime takataka hizo, nikamwambia, "Mzee, shika adabu, huo wimbo ni wa nyumbani kwangu." Kisha wimbo namba moja. Kisha Marekani, na viwanja vilivyojaa, na kadi za posta kutoka miji ambayo sikuweza kuitamka, kila moja ikiwa na mstari mmoja wa Colin: *bado iko chini*. Kisha ugomvi wa Malcolm na Colin, miaka kumi hawasemezani, kisha wakapatana. Mama Jaswant aliishi akawaona kwenye televisheni, akasema wamenenepa, na akaridhika. Mimi nilimaliza masomo, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka vizuri. Wakio aliponiuliza, "But why didn't you ever tell anyone?" nilimjibu kwamba niliondoka Kings Heath siku ile nikiwa nimepata sauti yangu. Jumatatu yake hospitalini hakuna aliyeniambia nirudie. Ukiwa umebeba mzigo kama huo, mikono haina nafasi ya kibao.

Julai nikaenda uwanjani na Wakio. Tulipelekwa mchana, saa za majaribio, viti vyote vitupu, mafundi wakivuta waya. Colin alinikumbatia, nywele nyekundu zimekuwa jivu, akaniwekea kiti jukwaani. Mpiga ngoma bado anacheka, mpiga besi ana kifaa cha kusikilizia sikioni. Malcolm alisimama mbali, ameshika fimbo ya kutembelea, shati limepigwa pasi. Wakaanza wimbo ule, pale chini pake pa siku zote, na Colin alipoufikia mstari, sauti ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika tena. Watu elfu nyingi walikuwa wanakuja muda wa saa nne tu baadaye, na Colin akaketi juu ya spika akaangalia viatu vyake, sawasawa kama bandani. Meneja mmoja kijana akaanza kueleza kwamba inawezekana kuweka sauti iliyorekodiwa zamani, Colin afumbue mdomo tu. Malcolm akainua fimbo kumnyamazisha.

"Nani mzee kuliko wote humu?" akauliza.

Wakahesabu. Mpiga ngoma alidhani ni yeye. Nikamuuliza mwezi aliozaliwa, akasema, na nikamzidi miezi mitano. Vicheko. Malcolm hakucheka. Alichukua maikrofoni, akaja polepole, fimbo ikigonga mbao za jukwaa, mpaka mbele ya kiti changu. Akainama. Mtu mwenye nyonga mbili za chuma aliinama, kama nilivyomsimulia mara moja tu miaka arobaini iliyopita, naye akajifanya hasikii.

"Haikuwa baridi," akasema, na maikrofoni ilikuwa imewashwa, uwanja mzima ukamsikia. "Tupe, Wakesho."

Jamani, kifua changu si kile, na nilijua kwamba nitakachoweza kutoa kitakuwa chini kuliko vyote tulivyowahi kuimba. Nikahisi mkono wa Wakio begani.

"Wape, Nyanya," akasema.

Nikamtazama Colin, nikasikiliza pumzi yake inapopita bila kuuma. Kisha nikafumba macho nikawapa, na nikasikia Malcolm analegeza.